Kamera za ulinzi nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya nyumba ya kawaida ya mjini: ukuta au fensi, geti moja, mlango wa mbele na wa uani, umeme unaokatika, na intaneti ya bando au ya faiba. Duka, ghala na ofisi vina mahitaji mengine.

Nianze kuchagua kamera au mashine ya kurekodia?

Anza na karatasi. Chora nyumba ukiitazama kutoka juu, weka alama kila mahali ambapo mtu akija lazima apite: geti, mlango mkubwa, mlango wa jikoni, ujia wa pembeni, sehemu ya gari. Pembeni ya kila alama andika unachotaka kuona pale. Kuna kujua tu kwamba mtu yupo. Kuna kumtambua mtu unayemfahamu tayari. Na kuna kupata sura ya mtu usiyemjua, sura ambayo mtu mwingine ataiangalia na kusema ni fulani. Hayo matatu yanadai kamera tofauti, na wengi hununua ya kwanza wakidhani wamenunua ya tatu.

Nyumba nyingi huishia kamera 4 hadi 6. Nunua mashine ya chaneli 8, yaani yenye nafasi ya kamera 8, hata kama leo una kamera 4, kwa sababu tofauti ya bei ni ndogo na kamera ya tano huwa haikosi kuhitajika. Kwa kawaida ni ile ya uani.

Megapikseli ngapi zinatosha?

Swali zuri zaidi ni hili: uso wa mtu utapata pikseli ngapi akiwa pale atakaposimama? Toleo la 2015 la kiwango cha Ulaya cha EN 62676-4 linatoa vipimo ambavyo mafundi wazuri huvifuata: pikseli 25 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana ili kugundua kuwa kuna mtu, 125 ili kumtambua unayemjua, na 250 ili kupata sura ya usiyemjua.

Tupige hesabu. Kamera ya megapikseli 4 hutoa picha yenye upana wa pikseli 2560. Gawa kwa 250, unapata mita 10.24. Maana yake, sura inapatikana mradi eneo linaloonekana halizidi upana wa mita 10 hivi. Kwa lenzi ya milimita 2.8, ambayo huona nyuzi karibu 100, upana huo unafikiwa mtu akiwa mita 4 na kidogo tu kutoka kwenye kamera. Ya megapikseli 2 inakupa mita 3 hivi. Ya megapikseli 8, ile inayouzwa kwa jina la 4K, inakupa mita 6 na kidogo. Hizo ni hesabu za mchana. Usiku punguza.

Kwa hiyo kamera iliyofungwa kwenye kona ya nyumba, geti likiwa mita 15 mbele, haitakupa sura ya mtu aliyesimama getini hata ukiongeza megapikseli mara mbili. Dawa ni kuisogeza kamera karibu na geti, au kubadili lenzi. Kwa nyumba nyingi megapikseli 4 ndicho kipimo cha busara. Megapikseli 8 hula diski, hubana mashine, na kwenye kamera za bei ya chini huona vibaya gizani kwa sababu kihisi, kile kipande kinachonasa mwanga, ni kilekile kidogo kilichokatwa vipande vingi zaidi.

Lenzi ya 2.8, 4 au 6: tofauti yake nini?

Namba ikipanda, upana unapungua na kitu kinasogea karibu. Umbali wa mita 10, lenzi ya 2.8 huona upana wa mita 24 hivi, ya 4 huona kama mita 17, na ya 6 huona mita 10. Ya 2.8 inafaa barazani, kwenye maegesho na ndani ya sebule. Ya 4 inafaa mlango uliopo mita 5 au 6. Ya 6 inafaa kuliangalia geti kutoka kwenye ukuta wa nyumba, au ujia mrefu mwembamba.

Maduka mengi huweka rafuni 2.8 peke yake kwa kuwa mteja hupenda kuona "kila kitu" kwenye skrini. Kila kitu kinaonekana kweli, ila kila kitu ni kidogo. Changanya lenzi. Kama huna uhakika wa umbali, kuna kamera zenye lenzi ya kurekebishwa, kwa kawaida 2.8 hadi 12. Ni ghali kidogo lakini kwa geti zinastahili.

Namba ya gari ni habari nyingine kabisa. Inataka kamera yake peke yake, lenzi iliyovutwa hadi gari lijaze sehemu kubwa ya picha, pembe isiyozidi nyuzi 30 kutoka mstari ulionyooka mbele ya kibao, na muda mfupi wa kunasa picha, kama sekunde 1/500, la sivyo taa za gari usiku zinageuza kibao kuwa doa jeupe. Kamera hiyohiyo haitakupa uso wa dereva.

DVR, NVR au kamera za Wi-Fi?

DVR ni mashine ya kurekodia inayopokea kamera za analogi za kizazi kipya kupitia waya wa koaksia wenye vichwa vya BNC, na kila kamera inahitaji umeme wake wa volti 12. Ni rahisi, ni imara, na kama nyumba tayari ina nyaya za koaksia nzima, hakuna sababu ya kuzing'oa. Ubaya wake: viungo vingi, chaja nyingi, na kila kiungo ni mahali pa kuharibika.

NVR ni mashine inayopokea kamera za IP, yaani za mtandao, kwa waya wa mtandao. Ukichukua yenye PoE, waya mmoja unabeba picha na umeme, hadi mita 100. Kwa nyumba mpya, au inayowekewa nyaya upya, hii ndiyo tungeichagua bila kusita. Betri moja kwenye mashine inazilinda kamera zote, na kamera ikikwama unaweza kuizima na kuiwasha kwa kuchomoa waya mmoja ukiwa ndani.

Wi-Fi inafaa pale ambapo waya haufiki, au kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoboa. "Bila waya" hapo inamaanisha bila waya wa picha. Wa umeme bado upo. Ukuta wa tofali za saruji hudhoofisha mawimbi, mabati huyazuia karibu kabisa, na mwizi anayejua kazi anaweza kuivuruga Wi-Fi kwa kifaa cha mkononi. Tatizo la kawaida wakati wa kuunganisha: kamera nyingi zinajua bendi ya GHz 2.4 tu, huku simu yako imejishika kwenye 5. Tenganisha majina ya bendi hizo mbili kwenye ruta, unganisha simu na ile ya 2.4, kisha jaribu tena.

Kamera ya balbu ya sokoni inafaa?

Inafaa kumwangalia mtoto, mbuzi, au fundi anayepaka rangi sebuleni. Kwa ulinzi wa nje haifai. Inakaa kwenye soketi ya taa, kwa hiyo mtu akibonyeza swichi ya ukutani kamera imekufa. Ikiwa ya kuzunguka, tukio litatokea upande ambao haikutazama. Na usiamini namba ya megapikseli iliyochapwa kwenye boksi. Pima hivi: fungua mipangilio ya picha, soma upana na urefu wa picha uzidishe; 1920 kwa 1080 ni megapikseli 2, hata boksi likisema 8. Zipo pia zinazokuza picha ndogo kwa programu ili namba ionekane kubwa. Hizo utazijua kwa kusoma maandishi ya gazeti lililobandikwa ukutani umbali wa mita 3: picha ni kubwa, herufi ni ukungu.

Naweza kuchanganya kamera za kampuni tofauti?

Kwa IP, ndiyo, kama pande zote mbili zina ONVIF, kiwango cha pamoja kilichoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony. Lakini ONVIF huleta picha na kurekodi. Mambo ya ziada kama kutofautisha mtu na mbwa mara nyingi hayavuki. Kwenye baadhi ya kamera ONVIF huja imezimwa, na ina jina na nywila yake tofauti na ya kawaida, jambo ambalo hula saa nzima ya fundi asiyelijua. Kwa DVR, angalia kwamba kamera na mashine zinaelewana kwa TVI, CVI au AHD, ambazo ni aina za picha ya analogi. Kamera nyingi zina kiswichi kidogo kwenye waya cha kubadili aina.

Waya gani ninunue?

Cat6 au Cat5e ya shaba tupu. Neno la kuogopa kwenye katoni ni CCA: alumini iliyopakwa shaba. Inabeba picha vizuri siku ya kwanza, lakini ukinzani wake ni mkubwa, hivyo umeme wa PoE unapungua njiani, na kwenye viungo alumini huoza, hasa pwani. Kwangua unyuzi kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Uzito pia husema; katoni ya mita 305 ya shaba hubebwa kwa kukunja uso.

Upange rangi kwa mpangilio wa T568B ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukipanga kwa mpangilio wako mwenyewe, hata kama ncha zinafanana, jozi zinavunjika na mita 40 tu zinatosha kukuletea picha inayokatikakatika.

Nje, waya upite ndani ya bomba. Jua hupasua ganda la waya wa ndani, na panya hawahitaji kuelezewa. Kichwa cha waya kisiachwe kikining'inia nyuma ya kamera. Kiingie kwenye kiboksi kisichopitisha maji, pamoja na ile kofia ya mpira inayokuja ndani ya boksi la kamera ambayo mafundi wengi huitupa na nailoni. Kabla ya waya kuingia tundu la ukuta, uteremke kidogo chini ya tundu kisha upande, ili maji ya mvua yadondoke kwenye mpindo badala ya kuufuata hadi ndani. Maji kwenye kichwa cha RJ45, kile cha waya wa mtandao, ni sababu ya kawaida ya kamera za IP kufa msimu wa masika.

Diski ya ukubwa gani?

Kanuni moja ya kukariri: megabiti 1 kwa sekunde, ikirekodi saa 24, ni GB 10.8 kwa siku. Kamera ya megapikseli 4, fremu 15 kwa sekunde, ikibanwa kwa H.265, njia mpya ya kubana video, hutumia megabiti 2 hadi 3. Ikibanwa kwa H.264, ya zamani, ni karibu mara mbili.

Kamera 4 × megabiti 3 × 10.8 = GB 129.6 kwa siku. Diski ya TB 2 inakupa siku 15, ya TB 4 inakupa mwezi. Usishangae mashine ikiandika 931 GB kwa diski ya TB 1. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu, haujaibiwa. Wiki mbili ndiyo chini ya kukubalika. Mtu husafiri, akirudi anagundua kitu kimepotea, na hajui kilipotea lini.

Fremu 15 zinatosha nyumbani. Ukiongeza hadi 25 unalipa diski kwa mwendo laini ambao hautambui mtu yeyote. Mipangilio ya mfumo wa picha iwe PAL, 50 Hz, kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz. Ikiachwa 60 taa za ndani zitapepesa kwenye video.

Aina ya diski: chukua iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, mfano WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski ya kompyuta haikuundwa kuandika usiku na mchana bila kupumzika. Na diski ya zamani iliyopigwa stika mpya ni biashara kubwa. Ukishaifunga, ingia kwenye mashine, tafuta ukurasa wa S.M.A.R.T., ule wa afya ya diski, na usome saa ambazo diski imewaka. Mpya husoma sifuri au saa chache. Ukikuta 21,000, umeuziwa diski iliyokwisha fanya kazi zaidi ya miaka miwili.

Memori kadi inaweza kuchukua nafasi ya mashine?

Kwa kamera moja au mbili, ndiyo. Kadi ya GB 64 kwa megabiti 1 hukaa karibu siku 6. Nunua yenye maandishi ya uimara kwa ajili ya kamera. Kadi ya kawaida ya simu huchoka kwa kuandikwa juu yake kila mara, na ubaya wake haitoi taarifa: programu inaonyesha picha ya moja kwa moja, kurekodi kumekoma tangu mwezi uliopita. Na mwizi aking'oa kamera, ameondoka na ushahidi mfukoni.

Kwa nini picha ya usiku ni ukungu mweupe?

Karibu kila mara ni mwanga wa kamera yenyewe unaoirudia. Infraredi, ambayo kwa kawaida ni nanomita 850, inagonga kitu kilicho karibu na lenzi: upenu wa bati, ukuta wa pembeni, jani la mwembe, au utando wa buibui. Wadudu hufuata joto na mwanga, buibui hufuata wadudu, mjusi kafiri hufuata wote wawili na kulala juu ya kioo. Fagia kamera kwa brashi laini kila wiki mbili. Hakuna mpangilio kwenye mashine unaoondoa buibui. Sogeza kamera mbele ya upenu, isiwe ndani yake.

Kamera za kuba zina tatizo lao: kifuniko kikiwa na alama za vidole au vumbi, mwanga unasambaa ndani. Futa kwa kitambaa laini chenye maji, usitumie spiriti. Kama ukungu unatoka ndani ya kioo asubuhi, unyevu umeingia. Mpira wa kuziba umekaa vibaya.

Kamera zenye taa nyeupe hutoa rangi usiku, na rangi ya shati ni ushahidi mzuri. Lakini zinavuta wadudu zaidi na zinamulika chumba cha jirani. Aina inayokaa kwenye infraredi kisha ikawasha taa akionekana mtu ndiyo tunayoipendelea kwa geti: mtu akimulikwa ghafla hutazama juu, moja kwa moja kwenye lenzi.

Tatizo lingine hujitokeza mchana. Kamera ya ndani inayoutazama mlango ulio wazi huonyesha mtu akiwa giza kama kivuli. Hapo dai WDR ya kweli, uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na giza kwenye picha moja, desibeli 120. Maandishi "DWDR" ni programu tu, haisaidii sana.

Nizifunge juu kiasi gani?

Mita 2.5 hadi 3 kwa zile za kupata sura. Kamera nyingi mitaani zimewekwa mita 4 au 5 chini ya paa "ili zisiibwe", na zinachorekodi ni kofia. Ukiogopa kung'olewa, weka kamera ya juu inayoilinda ya chini, na chukua kamera yenye alama ya IK10 inayohimili kipigo. Kwa nje iwe na alama ya IP66 au IP67, ya kuzuia vumbi na maji. Pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu na visiwani, chukua ganda la chuma lililopakwa vizuri na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Skrubu zinazokuja na boksi huwa zimeshika kutu kabla mwaka haujaisha.

Umeme ukikatika je?

Jumlisha wati. Kamera 4 za wati 5, mashine wati 15, ruta wati 10: jumla 45. UPS (betri ya akiba) ndogo ya dukani ya VA 650 huwa na betri ya volti 12, Ah (ampia-saa) 7, yaani Wh (wati-saa) 84 kwa karatasi. Ukiondoa inayopotea kwenye kugeuza umeme, unapata saa moja hivi. Inatosha mashine isizimike ghafla na kuharibu diski. Usiku mzima inataka betri kubwa: ya risasi ya Ah 100 ina Wh 1200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo hesabu 600, ambazo ukiondoa inayopotea ni saa 11 au 12. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakubali kutumika karibu yote, unakaribia saa 20.

Usisahau ruta. Watu huweka betri kwenye mashine, ruta wanaiacha kwenye soketi ya kawaida, halafu luku ikiisha wanashangaa simu haioni kitu.

Kamera zinazima kila jioni zikirudi asubuhi. Ni mzimu?

Ni ampia. Jua likizama taa za infraredi zinawaka, kamera inayokula ampia 0.2 mchana inaomba 0.5. Mfano: waya wa umeme wa milimita za mraba 0.2, urefu wa mita 30. Kwenda na kurudi ni mita 60, ukinzani unazidi ohmu 5, kwa nusu ampia zinapotea volti mbili na nusu. Kamera inapata 9 na kidogo badala ya 12, inajizima, mzigo unaondoka, volti zinarudi, inawaka, inawasha taa, inazima tena. Tumia waya mnene zaidi, au sogeza chaja karibu na kamera.

Kwa PoE sababu ni ileile kwa sura nyingine: mashine ya milango 4 ya waya ina kiasi cha jumla cha wati kinachogawanywa, kimeandikwa kwenye karatasi yake. Jumlisha wati za usiku za kamera, si za mchana. Kamera za kuzunguka ndizo huvunja bajeti hiyo ya wati.

Radi?

Waya mrefu wa shaba kutoka nyumbani hadi getini ni antena iliyolala. Radi haihitaji kupiga nyumba. Ikipiga mtaa wa pili inatosha kuchoma mlango wa NVR. Weka kinga ya mawimbi ya umeme kwenye kila waya unaotoka nje, na waya wake wa ardhi uende kwenye fimbo ya ardhi ya kweli. Kinga isiyo na ardhi ni pambo. Kati ya majengo mawili yenye umeme tofauti, tumia faiba. Haipitishi umeme, na siku hizi vigeuzi vyake ni vya bei ya kawaida.

Lazima niwe na intaneti?

Kurekodi hakuhitaji. Intaneti ni ya kutazama ukiwa mbali na kupokea taarifa. Kamera hutoa mikondo miwili, mdogo wa picha hafifu na mkuu wa picha kamili. Mkondo mdogo wa kilobiti 512 hula karibu MB 230 kwa saa. Mkondo mkuu wa megabiti 3 hula GB 1.35 kwa saa. Aliyeko Muscat au London akiacha kamera nne za nyumba ya Unguja zimefunguka kwenye simu siku nzima, bando la ruta ya nyumbani litaisha wiki ya kwanza. Weka programu ifungue mkondo mdogo kwanza, na mkuu uguswe pale tu panapotakiwa kukuzwa.

Fundi akisema atafungua milango kwenye ruta (port forwarding) ili uone ukiwa nje, mwambie aache. Kwenye laini za simu anwani ya umma ya intaneti hugawanywa kwa wateja wengi, kwa hiyo haifanyi kazi. Kwenye faiba inafanya kazi, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Hatari gani?

Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na DVR kwa maelfu duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki. Wenye kamera wengi hawakujua chochote.

Badilisha nywila siku ya kwanza, na iwe wewe unayeiandika, si fundi. Akaunti ya programu ya simu ifunguliwe kwa namba au barua pepe yako. Fundi akiifungua kwa yake, nyumba yako ni ya kwake kutazama, na siku mkikosana hutaweza kuitoa mashine kwenye akaunti hiyo bila kupitia kwa mtengenezaji. Wanafamilia uwape kwa kushirikisha, usiwagawie nywila kuu. Sasisha programu ya mashine mara mbili kwa mwaka.

Mwizi akiichukua mashine yenyewe?

Hutokea, ndiyo maana isikae chini ya runinga. Ifiche kwenye kabati lenye kufuli na matundu ya hewa. Isipelekwe juu ya dari chini ya mabati; joto la mchana pale huua diski. Kwa kamera ya geti ongeza memori kadi ndani ya kamera, ili nakala ya pili ibaki ukutani.

Sheria inasema nini, na dada wa kazi je?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo haihusiki na matumizi ya mtu binafsi ya nyumbani tu. Neno zito hapo ni "tu". Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Desemba 2014, kwenye kesi ya Ryneš, iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi barabara ya umma si matumizi ya nyumbani tu; wenye nyumba Ulaya walizingatie hilo. Kokote uliko, tumia kipengele cha kuziba sehemu ya picha ili dirisha la jirani na ua wake visionekane. Dakika mbili za kazi zinaepusha ugomvi wa mwaka.

Anayefanya kazi ndani aambiwe kamera zipo na ziko wapi, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Chumba anacholala na bafu havifungwi kamera, hata iwe vipi. Kipaza sauti kizimwe ndani; mazungumzo ya wageni wako hayakuhusu kuyahifadhi.

Video ikitakiwa polisi niitoeje?

Itoe siku hiyohiyo, kabla diski haijaandika juu yake. Hamisha kutoka kwenye mashine kwa flashi, sio kurekodi skrini kwa simu. Chukua faili la asili pamoja na lile la MP4, na dakika kumi kabla na baada ya tukio. Andika nani alihamisha, lini, na kutoka mashine ipi. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha aina hiyo kwa rekodi za kielektroniki.

Saa ya mashine ndiyo humponza mwenye video. Iweke GMT+3 na uwashe NTP, saa ya mtandaoni, ijisahihishe. Kisha kumbuka kwamba skrini ikiandika 02:14, shahidi atasema saa nane na dakika kumi na nne usiku. Kwenye maelezo andika zote mbili, maana karani anayeandika "saa mbili usiku" amehamisha tukio kwa saa sita.

Nimlipe fundi lini?

Baada ya giza kuingia. Mtume mtu asimame getini, kwenye mlango na uani, akiwa na kofia, kisha rudisha nyuma rekodi, usiangalie picha ya moja kwa moja, na ukague kama uso unasomeka. Zima umeme kwenye swichi kuu, uhakikishe kamera zote zimebaki hai. Zima Wi-Fi ya simu, fungua programu kwa bando lako. Chomoa kamera moja, angalia kama mashine inatoa taarifa kuwa imepotea. Hamisha dakika moja ya video kwenye flashi, uifungue kwenye kompyuta nyingine. Mwisho akukabidhi nywila zote, mchoro wa nyaya zilikopita, na maboksi yenye namba za kamera. Ndipo umpe iliyobaki.